Sweta ya Misuko

Juni ikiingia Njombe, baridi haipigi hodi. Ukungu hulala juu ya mashamba ya chai mpaka jua lipande sana, na mgeni aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam na shati jepesi huulizia bei ya jaketi kabla hajaulizia nyumba ya wageni. Huku sweta na kuni huhesabiwa pamoja. Ndiyo maana inaniuma kuona ufundi wa kufuma sweta kwa mkono ukizimika hapa hapa penye baridi, mahali ambapo ungetegemewa kudumu kuliko kwingine kote.

Yuko mama mmoja muuza viazi ambaye napenda kusimama kumtazama. Anajaza sado, anarudisha chenji, anajibizana na jirani yake wa maharage, na katikati ya hayo yote sindano zinakwenda. Mikono yake haitazami. Lakini ukifika mstari wa kusuka, maneno hukatika. Huchomoa kwenye kilemba sindano fupi ya tatu, spoki ya baiskeli iliyonolewa ncha zote mbili kwenye jiwe. Huhamishia humo vitanzi vitatu, akaviacha vining'inie mbele ya kazi, akafuma vitatu vinavyofuata, ndipo akavirudia vile vilivyokuwa vinasubiri. Vitanzi sita vimepishana njia. Kwa wakati huo huoni kitu ila mkunjo mdogo uliokaza. Baada ya mistari kadhaa, msuko unainuka kifuani mwa sweta kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka.

Sweta ya vifungo ina mtihani wake. Vipande vya mbele ni viwili, na misuko yake inatakiwa kutazamana: wa kulia ulalie upande mmoja, wa kushoto upande wa pili, ili vifungo vikifungwa kifua kitulie. Vitanzi vikisubiri mbele ya kazi, msuko hulalia kushoto. Vikisubiri nyuma, hulalia kulia. Tofauti yote ni hiyo. Baadhi ya sweta za dukani huisokota misuko yote upande mmoja, na mvaaji huishi nayo miaka bila kujua kinachomkera akijitazama kwenye kioo. Mama yule hawezi kufanya hivyo. Nilimuuliza nani angegundua. Akanijibu, "Aliyenifundisha."

Tena misuko hula upana. Kila vitanzi vinapopishana kitambaa hujivuta ndani, kwa hiyo ni lazima aanze na vitanzi vingi zaidi, na uzi mwingi zaidi, na hesabu hiyo haiko kwenye karatasi yoyote. Hukupima mgongo kwa shubiri, akakuuliza kama unalala na sweta, kama unabeba mtoto. Ya mtoto huiongezea mikono iwe mirefu, ikunjwe leo na kukunjuliwa mwakani. Mtu amekaa akauwazia mwili wako kabla hajaanza kitanzi cha kwanza. Sijui ni lini tuliamua kwamba hilo ni jambo dogo.

Misuko ya namna hii ulimwengu umeizoea kutoka visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake waliifuma ili kupata fedha na kuwakinga waume zao na upepo wa bahari. Madukani husimuliwa kwamba kila ukoo ulikuwa na msuko wake, ili mvuvi akifa maji atambuliwe. Hiyo ni ngano ya biashara. Lakini katika tamthilia ya J. M. Synge, Riders to the Sea, ya mwaka 1904, msichana anamtambua kaka yake aliyezama kwa soksi tu: aliifuma mwenyewe, na anakumbuka idadi ya vitanzi alivyoanza navyo na vile alivyovidondosha. Hapo naamini kila neno. Kwetu ufumaji uliletwa na wamisionari na shule, wanawake wakauchukua wakaufanya wao, na hakuna mfumaji wa kweli ambaye ukimpa sweta yake gizani hataijua kwa vidole.

Shangazi yangu, naye mfumaji, aliupata uzi wake kwenye mitumba. Tangu nguo hizo ziruhusiwe tena katikati ya miaka ya 1980, siku ya mnada ilikuwa siku yake. Hakutazama rangi kwanza. Aliigeuza sweta ndani nje na kukagua mshono wa ubavuni. Ukiwa umekatwa kwa mashine na kuzungushiwa nyuzi, aliirudisha kwenye rundo, kwa sababu ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi visivyofaa. Kingo zikiwa nzima, alivuta unyuzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti. Ukiyeyuka na kuganda kitone kigumu, ni plastiki. Ukinuka unywele ulioungua, ni sufu ya kondoo, na hapo bei ilikubaliwa bila maneno mengi.

Nyumbani ilifumuliwa jioni, sisi watoto tukinyoosha mikono ili azungushie uzi. Uzi uliofumuliwa hutoka na mawimbi, unakumbuka vitanzi vilivyopita. Aliuosha, akauning'iniza kwenye kamba na kopo la maji chini yake, ukanyooka wenyewe usiku kucha. Sweta iliyotoka hapo ilivaliwa na watoto wanne kwa zamu. Kiwiko kikitoboka, alikifungua na kukifuma upya.

Mitumba hiyo hiyo iliyompa uzi ndiyo leo inayomwangusha muuza viazi wangu. Bei ya sweta nzima iliyotoka Ulaya haifikii bei ya uzi anaotumia. Mashine za kufumia zinatoa sweta za shule kwa siku chache, na sizilaumu, watoto wanakingwa. Ninacholaumu ni wepesi wetu: tunavaa msimu mmoja, kiwiko kinatoboka, tunafanya dekio. Tunabishana na mfumaji shilingi kwa shilingi, kisha tunanunua vocha bila kuuliza bei. Yeye naye amekwishaondoa misuko kwenye sweta za kuuza. Wateja hawakuuliza imekwenda wapi.

Na wa kurithi hawapo. Hesabu zote ziko kichwani mwa wanawake ambao macho yao yameanza kuingia ukungu, na mabinti zao hawajawahi kuombwa wakae karibu watazame. Matangani nimeona jinsi mambo yanavyokwenda. Khanga hugawanywa kwa utaratibu, sufuria hugombewa, redio hupata mwenyewe kabla ya arobaini. Sindano hubaki kwenye mfuko wa zamani wa rambo nyuma ya mlango, mpaka wajukuu wazione na kuzichukua za kuchomea mishikaki.