Katuni ya Nyumbani, Sauti ya Mtoto

Duara la kichwa, vijiti vya mikono na miguu: ndivyo Don Hertzfeldt anavyochora watu. Ukimwona Emily wa World of Tomorrow utasema, aa, hata mimi naweza. Haya, jaribu.

Filamu hii fupi, aliyoitengeneza karibu peke yake, ilishinda tuzo kuu ya filamu fupi kwenye tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2015. Nguvu yake ni sauti. Anayesema kama Emily ni mtoto wa ndugu yake, wa miaka 4. Mtoto wa umri huo humkaririshi maneno. Basi Hertzfeldt alimrekodi akicheza na kuchora, kisha akaijenga hadithi kufuata maneno yake.

Ndiyo maana inauma. Nakala ya Emily kutoka karne zijazo inasimulia kifo na upweke. Mtoto hana habari, anajibu ya kwake. Kweli, huyo mkubwa anaongea mno, pengine picha zingetosha. Lakini ukitaka kupeleka katuni yako tamashani, usianze kwa kuulizia kompyuta. Sikiliza kwanza wanaoongea hapo nyumbani.