Banda la Baiskeli: Anza na Mlango

Mwizi wa baiskeli hapiti ukutani. Ukitembelea nyumba iliyovunjiwa banda la chuma, mara nyingi utakuta kuta ziko palepale, zimenyooka, rangi haijachubuka. Kilichong'oka ni sikio la kufuli, au bawaba, au mlango mzima umeegemezwa pembeni. Hata hivyo tunapokwenda kuagiza banda, swali letu la kwanza kwa fundi ni unene wa bati. Fundi anataja geji, tunavutana bei ya geji, tunakubaliana, na habari ya mlango tunamwachia aumalize anavyojua. Hapa nitakwenda kinyume na desturi hiyo. Mlango kwanza, msingi usisahauliwe, ukuta baadaye. Na banda likaguliwe kabla halijapakwa rangi.

Ninazungumzia banda la kuagiza kwa fundi wa kuchomelea, wale wa Gerezani Dar es Salaam, Kamukunji Nairobi au Katwe Kampala. Yapo pia mabanda ya dukani yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi. Mengi ya hayo bati lake halifiki hata nusu milimita, na hufungwa kwa skrubu ambazo vichwa vyake viko nje, kwa hiyo mtu mwenye spana ndogo analifungua kama alivyolifunga mwenyewe. Yanafaa kwa majembe na ndoo. Baiskeli inayompeleka mtu kazini kila asubuhi, au ile ya mbio ambayo kijana ameidunduliza miaka, inataka kitu kingine.

Tupitie vipimo haraka. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 180 hivi, na ile ya Phoenix yenye keria ya kubebea mzigo huzidi hapo kidogo. Usukani wa baiskeli ya milimani unafika sentimita 70 hadi 80, lakini ukizipanga moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, sukani hazigongani. Shiti ya chuma inayouzwa madukani ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Banda lenye sakafu ya ukubwa huohuo linachukua baiskeli mbili kwa raha na ya tatu kwa kubanana, na fundi hakati vipande vya kutupa. Ukimwambia sentimita 130 badala ya 122, umenunua shiti nyingine kwa ajili ya sentimita nane. Mlango ukae upande mfupi, upana wa sentimita 95 hadi 100, ili baiskeli ivutwe moja kwa moja. Uwe wa bawa moja. Ule wa mbawa mbili unapendeza, lakini unaongeza ufa mmoja katikati, na ufa ndio mwizi anaoutafuta.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Kabla hujatazama kufuli, tazama upande wa pili, kwenye bawaba. Mafundi wengi wanatumia bawaba za bomba, vipande viwili vyenye pini katikati, kimoja kimechomelewa kwenye fremu na kingine kwenye mlango. Ni bawaba imara na haina ubaya wowote, ila ina siri moja. Fundi mmoja mzee wa Gerezani alinionyesha siri hiyo kwenye banda jipya lililokuwa likisubiri mwenyewe. Alilifunga kufuli, akachukua kipande cha nondo, akakipenyeza chini ya mlango upande wa bawaba, akakikanyaga. Mlango ukapanda, pini zikachomoka, na upande mzima ukafunguka huku kufuli likiwa bado limefungwa. "Umeona, mwanangu?" akasema. "Pini zote zinatazama juu. Anayekuja usiku hana haja ya kugusa kufuli." Kisha akamwita kijana wake, wakaikata bawaba ya juu na kuichomelea upya ikiwa imegeuzwa, pini ikitazama chini. Mlango haukunyanyuka tena.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, fungua mlango, ushike kwa mikono miwili, unyanyue. Ukipanda, ageuze bawaba moja au achomelee kizuizi juu ya pini. Mwambie pia aweke vipini viwili vya nondo kwenye ukingo wa mlango upande wa bawaba, ambavyo mlango ukifungwa vinaingia kwenye matundu ya fremu. Hapo hata mwizi akizikata bawaba zote kwa msumeno, mlango unabaki umeshikwa. Vipini hivyo ni mabaki ya nondo yaliyozagaa chini ya meza yake, na kazi yake ni ya muda mfupi. Sijui kitu kingine kwenye banda kinacholeta faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Upande wa kufuli, kosa la kawaida ni kuning'iniza kufuli zito kwenye masikio membamba. Masikio yale mawili ambamo upinde wa kufuli hupita yawe ya bamba la milimita 6 au zaidi, yamechomelewa kuzunguka pande zote, na yameshikana na fremu, si na bati la mlango. Tundu lake liuzidi upinde kwa kiasi kidogo tu. Tundu likiwa pana, mtaimbo unapata pa kuingia, na ukishaingia nguvu yake hufanya kazi yote. Bora zaidi ni kuliweka kufuli ndani ya kiboksi cha chuma chenye uwazi wa kupitisha mkono kwa chini, kama inavyofanywa kwenye mageti mengi ya nyumba zetu. Mkono wenye ufunguo unafika. Mkasi wa vyuma haufiki, na grainda haipati nafasi ya kugeuka.

Kufuli lenyewe uliangalie upinde kabla ya jina. Upinde chini ya milimita 10 hukatwa kwa mkasi wa mikono miwili bila kelele. Chagua ule wa chuma kilichokomazwa, na kama duka linayo, kufuli ambalo mabega yake yamepanda kuuficha upinde. Makufuli yaliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 12320 hupewa daraja kuanzia 1 hadi 6, na 6 ndilo la juu. Kwa banda la uani daraja la 3 au la 4 linatosha, mradi masikio yamelingana nalo kwa nguvu.

Bado kuna ukingo. Mlango ukifungwa, zungusha macho kwenye ufa wake wote. Ufa usionekane kabisa upande wa kufuli: fundi achomelee mkanda wa chuma bapa wa sentimita 4 unaopanda juu ya fremu. Pale mtaimbo unapotafuta pa kuchokonoa, unakutana na chuma. Mlango wenyewe ufungwe juu, katikati na chini, kwa sababu uliofungwa katikati peke yake unaweza kukunjwa pembeni mpaka mtoto apite.

Kuhusu ukuta sitasema mengi, ila kuna hesabu moja ambayo kila mnunuzi anapaswa kuijua. Namba ya geji ikipanda, unene unashuka. Geji 16 ni karibu milimita 1.6, geji 18 ni milimita 1.2, geji 20 ni 0.9, na ile geji 30 ya kuezekea ni 0.3 tu. Tatizo ni kwamba neno "geji 18" linasemwa kirahisi na jicho haliwezi kutofautisha 1.2 na 0.9. Mizani inaweza. Shiti ya futi 8 kwa 4 ina uzito wa takriban kilo 23 kwa kila milimita moja ya unene. Kwa hiyo ya milimita 1.2 halisi inakaribia kilo 28, ya 0.9 ni kilo 21, na ya 1.6 ni kilo 37. Ipandishe kwenye mizani ya duka la vyuma kabla haijakatwa, na ubishi utakuwa umekwisha. Mimi ningechukua 1.2 kwa kuta na paa, 1.6 kwa mlango. Anayetaka kuta za milimita 2 na mlango wa hivi hivi anapoteza fedha.

Ukuta usishikwe kwa ripiti, maana ripiti inatobolewa kwa drili kwa muda mfupi sana. Uchomelewe kwenye fremu ya bomba la mraba, na ndani kuwe na fito kila baada ya sentimita 50 hivi. Weka kiganja katikati ya ukuta usukume: ukibonyea na kurudi kwa mlio, fito hazitoshi.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asione uvivu wa safari: nenda karakana kabla ya rangi. Rangi inaficha kila kitu. Banda likiwa bado halina rangi, mshono wa kuchomelea unasomeka. Mshono mzuri una mawimbi madogo yanayofuatana kwa upana mmoja, umeshika vyuma vyote viwili, na umekwanguliwa lile ganda jeusi linalobaki juu yake. Ganda lisipoondolewa, rangi hukaa juu ya ganda, ganda hubanduka, na kutu huanzia hapo. Vitundu kama vya mkate vinaonyesha chuma kilikuwa na mafuta au unyevu. Mfereji ulioliwa pembeni mwa mshono unaonyesha moto ulikuwa mkali mno, na chuma kimepungua unene pale pale palipotakiwa nguvu. Ukikuta pembe imesagwa laini kupita kiasi, gonga kwa sarafu. Sauti butu ni ya puti, na puti haishiki mlango.

Chukua futi ya utepe upime fremu ya mlango kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo viwe sawa. Tofauti ikizidi milimita 5, fremu imekaa upande, na mlango huo utakwaruza sakafu kabla ya mwaka kuisha. Hili fundi hulirekebisha kwa dakika chache kabla ya kuweka mabati. Baada ya hapo hawezi.

Ukiwa Pwani, adui wa pili ana nguvu kuliko mwizi. Kigamboni, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Wengi hudhani bati lenye zinki limemaliza tatizo. Linasaidia sana, lakini zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907 za Selsiasi, wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500. Maana yake kila mshono unapopita, zinki imekwisha kuruka na chuma kiko uchi. Mshono na pembezoni mwake pasuguliwe kwa brashi ya waya mpaka pang'ae, papakwe rangi yenye zinki, halafu ndipo ifuate rangi ya kawaida. Fundi afanye kazi hiyo ya kuchomelea palipo na upepo, kwani moshi wa zinki unaleta homa. Mabomba ya mraba yazibwe midomo. Maji yakiingia ndani yanakula bomba kutoka tumboni, na utajua siku mguu wa banda unapovunjika.

Unyevu mwingine unatoka ndani kwa ndani. Usiku bati la paa hupoa kuliko hewa iliyo chini yake, na mvuke hugeuka matone yanayodondokea mnyororo na spoki. Dawa yake ni hewa kupita: matundu chini upande mmoja na juu upande wa pili, yamefunikwa kwa vipande vilivyoinamishwa ili mvua isiingie na mkono usipite. Banda lisilo na matundu linaozesha baiskeli likiwa limefungwa vizuri. Na kwa wenye baiskeli za umeme, betri ilale ndani ya nyumba. Joto la sanduku la chuma lililoanikwa juani haliifai, wala si mahali pa kuichajia.

Msingi nao. Banda tupu la ukubwa niliousema, kwa unene niliousema, ni zito, lakini wanaume wanne wanalinyanyua wakalipakia kwenye gari. Limwagiwe zege la sentimita 10 lenye mteremko kidogo kuelekea nje, na lifungwe kwa bolti za kutanuka zinazokazwa kutoka ndani. Miguu ikae juu ya vibao vya chuma vilivyolala juu ya zege, isizamishwe ndani yake, maana pale bomba linapoingia kwenye zege ndipo maji husimama na kutu huanza. Zege likiwa bichi, zamisha nondo ya milimita 16 iliyokunjwa kama pete, ncha zake zikiwa zimepinda chini. Hapo ndipo mnyororo wa kufungia baiskeli utakapopita. Mwizi aliyeshinda mlango ataanza kazi upya.

Kwa fundi, kubaliana naye mapema kwamba malipo yatakuwa mafungu matatu: la kununulia vyuma, la pili baada ya wewe kukagua fremu na mishono kabla ya rangi, na la mwisho banda likiwa limekwisha kufungwa kwenye zege. Fundi anayejiamini hulikubali sharti hilo bila kununa. Anayekwambia usisumbuke kuja mpaka akupigie simu banda likiwa limeshapakwa rangi, mwage kwa heri utafute mwingine.