Kimulimuli Anavyopima Usafi wa Tangi la Maziwa

Mtoto wa Nguvumali, Tanga, akimkamata kimulimuli usiku, kiganja chake hakiungui, kwa kuwa mwanga ule hauna joto la kuhisika. Ndiyo maana wengi wakimtazama mdudu huyu hufikiria taa. Kwa maoni yangu, faida yake kubwa viwandani iko kwenye kupima usafi, na mji wa Tanga, wenye kiwanda cha Tanga Fresh kinachopokea maziwa ya wafugaji wadogo, una sababu ya kulifuatilia jambo hili.

Tumboni mwa kimulimuli kuna kemikali iitwayo lusiferini. Ikikutana na oksijeni na kimeng'enya cha lusiferasi, hutoa mwanga, ila lazima iwepo ATP, kemikali inayobeba nishati inayotumiwa na kila seli hai. Hilo la ATP lilibainishwa mwaka 1947 na William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliyekuwa akiwalipa watoto wamkusanyie vimulimuli. Hapo hesabu ikageuzwa: ukiwa na lusiferini na lusiferasi mkononi, wingi wa mwanga unakuambia wingi wa ATP, na hivyo kama kuna seli hai, mfano bakteria, zilizobaki. Mwaka 1985 watafiti wa San Diego, akiwemo Marlene DeLuca, walipandikiza jeni la lusiferasi ndani ya bakteria, na tangu hapo haikuwa lazima kuwinda wadudu.

Kiwandani kazi ni nyepesi. Tangi likishaoshwa, mfanyakazi anasugua vali kwa kijiti chenye pamba, anakichovya kwenye dawa yenye lusiferini na lusiferasi, anatikisa, anakitia kwenye mashine. Tarakimu hutokea ndani ya sekunde chache, wakati kuotesha bakteria maabara huchukua siku nzima au zaidi.

Lakini kipimo hiki hakitaji jina la kijidudu. Mabaki ya maziwa nayo yana ATP, kwa hiyo namba kubwa maana yake ni uchafu, si lazima ugonjwa. Klorini isiyosuuzwa vizuri huzuia mwanga na kuonyesha usafi wa uongo. Vijiti navyo huhifadhiwa kwenye friji, na kwa joto la pwani yetu, umeme ukikatika mara kwa mara huweza kuharibika.

Wenye vituo vya kukusanyia maziwa, mkinunua mashine hii msianze na ukuta wa tangi unaong'aa. Anzeni na vali na mipira ya kuzibia maungio ya mabomba, maana mabaki hujificha huko.