Mtazame Kabla Mpira Haujamfikia

Mnunuzi anayeijua kazi yake hababaishwi na pembe. Hapa Oldonyo Sambu, kwenye mnada wa mifugo, utamwona anaomba dume aswagwe hatua kumi, kisha anainama kidogo kutazama anavyokanyaga kwa miguu ya nyuma. Akiwa amesimama tu, kila ng'ombe ni mzuri.

Viungo wa mpira wa miguu nao ndivyo walivyo. Mpira ukishakuwa mguuni, kila kijana anaonekana mchezaji. Ukitaka kumjua kiungo, ondoa macho kwenye mpira uyaweke kwake, hasa zile sekunde mbili tatu kabla haujamfikia. Jambo hili lina mazoezi yake, maana macho ya shabiki yanaufuata mpira kama ndama anavyomfuata mama. Anza na nusu saa moja. Chagua namba sita wa timu yoyote, umwangalie yeye peke yake, hata goli likifungwa upande wa pili na watu wakaruka.

Utakachokiona kwanza ni shingo. Kiungo mzuri anageuka-geuka kila mara, bega la kulia, bega la kushoto, kama mchungaji anayehesabu mbuzi huku anatembea. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliwarekodi wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza akahesabu mara ngapi wanageuza kichwa kabla ya kupokea mpira, na Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliogeuza sana kuliko wengine. Kwa hiyo yale magoli yake ya kuibukia ndani ya boksi hayakuwa bahati. Alikuwa ameshaiona nafasi wakati mabeki wanautazama mpira.

Niliyaona haya kwa karibu jioni moja kwenye uwanja wa mchangani huku kwetu. Anayekijua kijiji hiki cha barabara ya Namanga anajua upepo wake. Tuko nyuma ya Mlima Meru, upande ambao mvua inafika imechoka, na vumbi jepesi linanyanyuka kila mtu anapokanyaga. Mpira wa juu hapa hauna mwenyewe. Unaupiga kwa winga, unakwenda kwa mshika kibendera. Namba nane wa timu ya wageni alikuwa kijana mwembamba, jezi inamfika karibu na magoti. Beki wa kushoto alipompasia, alikuwa ameshatazama nyuma mara mbili. Akasimama upande-upande, bega moja kwa beki wake na bega jingine kwa goli la wapinzani. Mkabaji akaja mbio kumvamia mgongoni. Kijana hakuugusa mpira kabisa! Aliuacha upite mbele ya miguu yake, mkabaji akapitiliza na vumbi lake, naye akageuka nao na kuusukuma chini kwa ndani ya mguu hadi kwa winga wa upande wa pili. Winga akawapiga chenga watu wawili, uwanja mzima ukamshangilia winga. Mimi niliendelea kumtazama yule namba nane. Alikuwa ameanza tena kugeuza shingo.

Baada ya shingo, angalia mguso wa kwanza. Kwenye nyasi za televisheni mpira unateleza, hapa unadunda, kwa hiyo usimhukumu kijana kwa kuwa umemruka kidogo. Mhukumu kwa upande aliouelekeza. Wapo wanaoutuliza ukafa kabisa chini ya soli, watu wakasema ana utulivu, kumbe ameshajifungia mlango: sasa lazima aanze upya, na mkabaji amefika. Aliyeiva anautuliza huku anaondoka nao kwenda alikokwisha kuchagua.

Pasi ndiyo inayowadanganya wengi. Tunahesabu zilizofika, tunasahau kuuliza zimefikaje. Ukitaka kuipima pasi, mtazame aliyeipokea. Kama amelazimika kusimama, kurudi nyuma au kunyoosha mguu, aliyeitoa ana deni hata kama takwimu zinamhesabia. Kama aliyepokea ameendelea na hatua zake bila kuzikatisha, na mpira umemkuta kwenye mguu ulio mbali na beki, basi umeona kazi ya fundi. Upepo wa hapa unasaidia sana kuwachuja: anayejua atapiga chini na kwa nguvu anapoukabili upepo, na atapunguza nguvu upepo unapotoka mgongoni kwake. Asiyejua atalalamikia upepo kwa dakika 90.

Uwanja mkubwa wa Arusha mjini una jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi, vina na mizani. Kila nikikaa pale huwa naona jina limekaa mahali pake. Timu isiyo na kiungo mzuri ni shairi lililopungukiwa mizani: maneno yote yapo, lakini hayaimbiki. Mpira unakwenda mbele haraka mno au unachelewa, straika anakimbia kabla pasi haijaiva. Kiungo anajua lini pasi tatu fupi zinatosha na lini ya nne ivuke uwanja mzima.

Sasa niseme la pumzi, kwa sababu huku kwetu ndilo kosa letu kubwa. Mkoa huu haujawahi kukosa mapafu. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, ni mtoto wa Karatu. Kwa hiyo kijana akikimbia uwanja mzima tunamwita injini, tunampa unahodha, tunamsindikiza Dar es Salaam kwa majaribio, na baada ya wiki mbili amerudi. Alikuwa anakimbia kwa sababu alikuwa amechelewa kuona. Jonas Mkude alikaa Simba zaidi ya miaka kumi kabla ya kwenda Yanga mwaka 2023, na ukirudia mechi zake nzuri utamwona anatembea sehemu ambayo wengine wanakimbia. Clatous Chama ukimpima kwa mbio utamkosea kabisa. Machi 2019, Simba ikiwa sare na AS Vita, dakika ya 90 ikafika na robo fainali ya Afrika ikiponyoka, mfungaji alikuwa yeye. Mtu aliyekuwa amehifadhi akili yake mpaka dakika ile.

Mkabaji naye ana vipimo vyake, na hapa nawaomba wapenzi wa kuteleza wanisamehe. Kuteleza miguuni mwa mtu ni dawa ya dharura. Kiungo mkabaji wa kweli anasimama kwenye njia ya pasi, mpinzani anaghairi kuipiga, na hakuna anayejua kwamba kazi imefanyika. Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, alifanya kazi hiyo Real Madrid mpaka walipomwachia aende Chelsea mwaka 2003, mwaka uleule walipomleta David Beckham. Madrid walikaa mpaka 2007 ndipo wakachukua tena ubingwa wa Hispania. Victor Wanyama wa Kenya anakumbukwa kwa kile kichwa alichowafunga Barcelona akiwa na Celtic, Novemba 2012, na ni haki akumbukwe. Ila ukiitazama mechi ile tena, hesabu mara ambazo wapinzani walifika mbele yake wakaamua kupitia kwingine.

Kiungo huchelewa kukomaa, na hili liwatulize wazazi na makocha wa vijana. Winga anaweza kung'aa ana miaka 18 kwa mbio tu. Kiungo anahitaji mechi nyingi mbaya. Himid Mao alikuwa ameshacheza miaka mingi Azam ndipo akaenda Misri mwaka 2018. Haruna Niyonzima alikuja Yanga kutoka Rwanda mwaka 2011, na karibu miaka kumi baadaye alikuwa bado anagombewa na timu za Kariakoo, kwa sababu alichokuja nacho hakikuwa miguuni peke yake. Tangu JKT Oljoro, timu ya hapa Arusha, ishuke kutoka Ligi Kuu mwaka 2014, vijana wa mkoa huu wanatazamwa mara chache, na anayekuja kuwatazama anakaa kipindi kimoja. Ningempa ushauri akae cha pili, tangu dakika ya 60, miguu ikiwa mizito. Hapo shingo ya wengi inaacha kugeuka.

Na asubiri kiungo wake apoteze mpira. Tobo na kanzu hazitamwambia kitu kama zile hatua tatu zinazofuata. Yule namba nane wa jezi ndefu aliupoteza karibu na mwisho, timu yake ikiwa nyuma goli moja. Hakutupa mikono, hakumtazama mwamuzi. Hatua ya kwanza alirudi katikati, ya pili akageuza shingo, ya tatu akawa amesimama kwenye njia ya pasi. Mpinzani akaghairi, akaupiga juu, upepo ukauchukua.