Msalaba, Kisu na Marehemu Aliyesahauliwa: Uhakiki wa The Cross and the Switchblade cha David Wilkerson

Utangulizi

Kuna vitabu ambavyo hapa chuoni vinasomwa sana lakini havihakikiwi. Vinapita mkono kwa mkono mabwenini, majalada yamechakaa, kurasa zimeshikizwa kwa gundi, lakini katika orodha ya vitabu vya kozi huvioni. Kimojawapo ni The Cross and the Switchblade cha David Wilkerson, alichokiandika kwa kusaidiwa na John na Elizabeth Sherrill, kikatoka mwaka 1963. Kwa Kiswahili chetu jina hilo ni kama kusema Msalaba na Kisu cha Kufyatua. Mwaka 1970 kikatengenezewa filamu, Pat Boone akiigiza kama mchungaji.

Kuhusu kitabu hiki tuna kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya wenzetu walokole, ambao kwao hiki ni kama Biblia ya pili. Ukikimaliza bila kutoa machozi basi moyo wako ni jiwe. Kambi ya pili ni ya watu wa Fasihi, waliozoea kuuliza kitabu kinamtumikia nani kabla hata ya kukifungua. Hao wanasema ni kasumba tu, eti mhubiri wa kizungu anakwenda kuwaokoa vijana wa Puerto Rico na Wamarekani weusi, mambo yaleyale ya misheni tuliyokwisha kuyachoka. Kwa maoni yangu kambi ya kwanza inakiamini kitabu na ya pili inakihukumu, lakini kukisoma bado.

Katika makala haya nitajaribu kukisoma. Hoja yangu ni kwamba kitabu hiki kina nguvu kila kinapoonyesha gharama ya kumwamini mhalifu, na kinapwaya kwa sababu kinamsahau mtu aliyeuawa.

Muhtasari wa kisa

Msimulizi ni Wilkerson mwenyewe, mchungaji kijana wa kanisa dogo la Kipentekoste huko Philipsburg, mji mdogo wa Pennsylvania nchini Marekani. Mwanzoni mwa 1958 anaona katika jarida la Life mchoro wa vijana saba walioko kizimbani New York. Wanashitakiwa kwa kumuua Michael Farmer, mvulana wa miaka 15 aliyekuwa na ulemavu uliotokana na polio, aliyeshambuliwa na kundi la vijana katika bustani ya Highbridge Park, Julai 1957. Mchungaji analia, na anasikia moyoni kwamba lazima aende.

Anakwenda. Mahakamani anajaribu kumsogelea jaji ili aombe ruhusa ya kuwaona washitakiwa, na askari wanamtoa nje msobemsobe. Wapiga picha wanamnasa akiwa ameinua Biblia, picha inatoka magazetini, na yeye anarudi kwao kwa aibu. Baadaye anarudi tena jijini, safari hii mitaani, miongoni mwa makundi ya vijana wenye visu na bastola za kujitengenezea. Kundi analolieleza zaidi ni la Brooklyn lililojiita Mau Maus. Julai 1958, katika ukumbi wa ndondi wa St. Nicholas Arena, rais wa kundi hilo, Israel Narvaez, na makamu wake Nicky Cruz, kijana kutoka Puerto Rico, wanaokoka. Sehemu ya mwisho inahusu kuanzishwa kwa Teen Challenge, kituo cha Brooklyn cha kuwasaidia vijana wa mitaani na walioathirika na heroini.

Usimulizi na msuko

Kitabu kimetumia nafsi ya kwanza na msuko wa moja kwa moja. Umbo lake ni la ushuhuda: giza, mgogoro, nuru. Udhaifu wa umbo hili tunaujua sote. Msomaji anafahamu mwisho kabla ya kufika katikati, kwa hiyo taharuki inakuwa ya kulazimisha. Udhaifu huu unaonekana hasa katika sura za mwisho, ambapo hadithi inageuka kuwa taarifa ya kituo: fedha zinahitajika, watu wanaomba, fedha zinafika dakika ya mwisho. Ukisoma mara ya kwanza unashangaa. Ukisoma mara ya tatu unaanza kuhesabu.

Lakini kuna matukio matatu ambayo umbo la ushuhuda peke yake haliwezi kuyaeleza, na hapo ndipo mwandishi amefaulu.

La kwanza ni lile la picha ya gazetini. Mchungaji anadhani imemharibia jina. Kumbe vijana wa mitaani wanamtambua kwa picha hiyohiyo, na wanampokea kwa sababu polisi walimfukuza. Polisi hawampendi, na wao polisi hawawapendi, basi ni mwenzao! Kejeli hii ni ya kifasihi hasa. Fedheha inageuka barua ya utambulisho, na mwandishi ana busara ya kutoihubiri sana.

La pili ni la viatu. Kijana mmoja asiye na makazi anamsikiliza mhubiri, kisha anamwambia kwa dharau kwamba maneno ni rahisi kwa mtu aliyevaa viatu vizuri. Wilkerson anavivua na kumpa, anarudi kwenye gari lake akiwa na soksi. Hebu wenzangu wa kambi ya pili mlitazame tukio hili. Hoja ya tabaka, ambayo sisi huiingiza katika uhakiki kutoka nje, hapa inatamkwa na mhusika mwenyewe, tena mhusika aliye chini kabisa, na mhubiri anashindwa kuijibu kwa mdomo.

La tatu ndilo kubwa. Usiku ule wa St. Nicholas Arena, kabla ya mahubiri, Wilkerson anawapa Mau Maus kazi ya kukusanya sadaka. Nicky na wenzake wanapita kwa watu, na kwa nyuso zao tu wanawafanya watu watoe. Kisha wanakwenda nyuma ya pazia, ambako kuna mlango wa kutokea nje. Ukumbi mzima unacheka, kila mtu anajua fedha zimekwenda. Baada ya muda wanarudi jukwaani, wanamkabidhi mchungaji sadaka yote.

Nasema bila kusita kwamba kilele cha kitabu ni hapa, na sala ya toba inayofuata ni matokeo tu. Kwa muda ule mfupi nyuma ya pazia hakuna mhubiri, hakuna askari, hakuna muziki. Kuna vijana, fedha na mlango. Mhubiri amefanya jambo la kijinga kwa hesabu za kawaida, na kama wangetoroka angechekwa tena magazetini. Imani inayoonyeshwa ni ya mtu kumwamini mtu, na ina bei. Hata msomaji asiye Mkristo anaweza kuishika.

Wahusika: aliyebadilika, aliyerudi nyuma, na aliyekufa

Nicky Cruz ni mhusika anayekua. Ana ukatili, ana woga aliouficha chini ya ukatili huo, na ana wazazi waliomwacha aondoke. Habari za utoto wake zinapatikana kwa kirefu katika kitabu chake mwenyewe, Run Baby Run, alichokiandika na Jamie Buckingham mwaka 1968. Nawashauri wasomaji wavisome vyote viwili kwa pamoja, maana ni kwa kuvilinganisha ndipo unamwona Israel Narvaez vizuri.

Israel na Nicky waliokoka usiku mmoja, ukumbi mmoja, kwa mhubiri mmoja. Lakini Israel alirudi kwenye kundi, akaingia katika kesi ya mauaji, akafungwa miaka kadhaa, na ni baada ya gereza ndipo aliporudi kwenye imani. Sasa tuulize: kwa nini majalada na filamu zimemtukuza Nicky? Jibu ni kwamba Nicky anafuata msuko. Israel anauvunja. Kama tungepewa habari za Israel kwa uzito uleule, tungepata riwaya nzito zaidi, ambayo ingekiri kwamba sala moja haimtoi mtu mtaani iwapo kesho yake anaamka mtaa uleule, marafiki walewale, njaa ileile.

Linganisha na My Life in Crime cha John Kiriamiti wa Kenya, kilichotoka 1984. Kiriamiti alikuwa jambazi wa benki kweli, na anasimulia ujambazi kwa ladha ambayo inamtia msomaji wasiwasi: unajikuta unamshangilia. Hakuna mchungaji anayekuja kufunga hadithi kwa Amina. Wilkerson anatupa toba ambayo haikawii sana juu ya utamu wa uhalifu. Kiriamiti anatupa utamu huo wazi, na sisi tunabaki tukijiuliza mwenyewe anajuta kiasi gani. Nadhani mhakiki anavihitaji vyote viwili.

Niingie sasa katika lawama yangu kubwa. Michael Farmer yuko wapi? Anatajwa mwanzoni kama chanzo cha kesi, kisha hadithi inamwacha na kwenda zake. Machozi ya mchungaji ni kwa ajili ya wauaji. Wenzangu walokole watanijibu kwamba mwenye afya hahitaji daktari. Sawa. Lakini Farmer hakuwa na afya wala hakuwa hai. Alikuwa na mama. Kitabu kinachohusu msamaha kingepaswa angalau kupita mbele ya mlango wa mama huyo, hata kama angekifungia nje.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Kezilahabi. Katika Rosa Mistika (1971) Rosa anajiua, lakini mwandishi hakubali kumfukia na kunyamaza. Anampeleka mbele ya hukumu ya Mungu pamoja na baba yake Zakaria, ili aliyekufa naye apate kusema. Kezilahabi ni mkali, huenda mkali mno, lakini kwake marehemu ana haki ya kusikilizwa. Wilkerson, ambaye ndiye mchungaji, hakumpa Farmer nafasi hiyo.

Jina la Mau Mau

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo lingine linalokwaruza. Vijana wa Brooklyn walijiita Mau Maus kwa sababu katika miaka ile magazeti ya Ulaya na Marekani yaliijaza dunia picha za Mau Mau kama washenzi wa msituni wanaokunywa damu. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957, miezi mitano tu kabla ya Farmer kuuawa. Kwa hiyo jina la watu waliokuwa wakipigania ardhi yao lilivuka bahari, likafika Brooklyn likiwa limebaki na maana moja: watu wa kutisha.

Mwandishi halihoji jina hili hata kidogo, na kwa kweli angepaswa. Maana walioitwa wasio na sheria walikuwa wakiteswa na wale walioshika sheria. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, ikaeleza majuto yake na kukubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Simshutumu Wilkerson kwa kutojua ya 2013. Namshutumu kwa kuona kisu cha kijana tu, wakati yeye mwenyewe alikwisha kutolewa mahakamani kwa nguvu na kujua sheria ina mikono ya namna gani.

Kitabu hiki na mitaa yetu

Mtu ataniuliza, haya ya New York yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mtaani kwetu nimeshuhudia kijana aliyedaiwa kuiba redio akipigwa mpaka akaacha kulia. Magazeti huandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyookota mawe. Miongoni mwa wale waliorusha mawe niliwafahamu watu wawili wa kwaya. Jumapili waliimba kama kawaida. Hakuna aliyelitaja jambo hilo kwenye mahubiri.

Kwa hiyo nikisoma habari za mtu aliyempa mwizi kapu la sadaka alichukue nyuma ya pazia, sina uwezo wa kusema ni kasumba tu. Kasumba hulaza. Tukio lile linatuuliza sisi tuliokuwa pale mtaani, na linawauliza zaidi wanaokipenda kitabu hiki: mnalia kwa ajili ya Nicky wa Brooklyn, mbona yule wa redio hamkumlilia? Na papo hapo namkumbuka mwenye redio, na wale ambao ndugu zao wameuawa na majambazi kweli. Nao wana haki ya kuuliza mchungaji atafika lini kwao.

Hitimisho

Kwa ujumla, The Cross and the Switchblade ni kitabu ambacho fani yake ni nyepesi, lugha yake rahisi, na msuko wake unatabirika, hasa mwishoni. Hata hivyo kina matukio matatu, la picha, la viatu na la sadaka, ambayo yanastahili kufundishwa katika darasa lolote la nathari. Kimaudhui kimefaulu kuonyesha kwamba kumfikia mhalifu kunagharimu heshima, viatu na fedha. Kimeshindwa kumtendea haki marehemu, hakikusimama vya kutosha kwa aliyerudi nyuma, na kimelichukua jina la Mau Mau bila kuuliza lilikotoka.

Ningependa wenzangu wa kambi zote mbili wanijibu katika toleo lijalo. Ila tafadhali, mwenye kujibu aanze na ukurasa wa sadaka, atuambie ameona nini nyuma ya lile pazia.