Farasi wazuri, ila uzio uko wapi?

Nimerudia kutazama De Nieuwe Wildernis, filamu ya 2013 kuhusu hifadhi ya Oostvaardersplassen, Uholanzi. Picha tamu kweli: farasi wa Konik wanakimbia utadhani pori halina mwisho. Kumbe linao! Ni hekta kama 5,600 tu, zimezungushiwa uzio ambao kamera inaukwepa. Majani yakiisha, hakuna pa kuhamia.

Majira ya baridi ya 2017/18 walikufa wanyama zaidi ya 3,000, wengi kwa risasi za wahifadhi, kabla njaa haijawamaliza. Baadaye farasi kadhaa walihamishiwa Hispania na Belarusi. Filamu ilitufundisha kuwapenda, sio kuwahesabu. Ndiyo maana watu waliishia kurusha majani makavu juu ya uzio uleule.