Motokaa Zilizokokotwa

Kitabu cha Bibi Stella Court Treatt, kilichotoka mwaka 1927, chasimulia jinsi yeye na mumewe walivyoondoka Cape Town Septemba 1924 kwa motokaa mbili za Crossley, wakafika Cairo Januari 1926. Twamsifu mwandishi kwa kuwa haufichi uchovu. Kitabu chajiita habari za safari kuu ya motokaa. Walakini katika matope ya Rhodesia motokaa hizo zilikuwa mzigo, zikikokotwa na maksai na wenyeji. Nasi tujuao njia za masika twauliza: wale waliovuta kamba walisema nini jioni, wakinawa miguu? Safari ya miezi 16 ilikuwa na nafasi ya kuwasikiliza.